Pete ya Kilovolti 11 na Swichi Iliyoachwa Wazi

Laini ya pete inatoka kituo cha kupoza umeme, inapita transfoma moja baada ya nyingine, kisha inarudi kituoni kwa njia nyingine. Lakini pete nyingi za msongo wa kati, kama kilovolti 11, haziendeshwi zikiwa zimeungana. Mahali fulani katikati pana swichi iliyoachwa wazi makusudi, yaani imekatwa na haipitishi umeme, na kila upande unalishwa kupitia sakiti breka yake, swichi inayojikata hitilafu ikitokea. Pete ikiungana yote, hitilafu moja hulishwa kutoka pande mbili, na rilei za kawaida, vifaa vinavyogundua hitilafu na kuiamuru breka ikate, zitaangusha breka zote mbili.

Kila transfoma ina sanduku lenye swichi mbili za pete, mara nyingi za ampea 630, na tawi la transfoma lenye fyuzi au breka. Swichi za pete hukata mkondo wa mzigo tu. Kukata mkondo wa shoti ni kazi ya breka ya kituoni.

Chukua masanduku sita, swichi ya wazi ikiwa kwenye namba 4, upande unaoelekea 5. Kebo kati ya 2 na 3 inapiga shoti. Breka inaanguka, 1 hadi 4 gizani. Viashiria vya hitilafu, vinavyowaka mkondo wa shoti ukipita, vimewaka 1 na 2, cha 3 kimya: shoti iko baada ya 2. Kata swichi ya 2 inayoelekea 3, kata ya 3 inayoelekea 2, rudisha breka, kisha unganisha swichi ya wazi pale 4. Wote wana umeme, na kebo mbovu inaunganishwa na ardhi ncha zote mbili ili mafundi waiguse kwa usalama.

Kebo mbovu hukatwa kwanza, ndipo umeme hurudishwa. Ukiunganisha 4 kabla ya kukata 3, unailisha shoti kutoka upande wa pili, na breka ya upande huo nayo inaanguka. Kiashiria ambacho hakikurudishwa sifuri baada ya hitilafu iliyopita nacho kitakupeleka kwenye kebo isiyo na hitilafu.

Ubaya mwingine hujificha kwenye mzigo. Kebo ikibeba ampea 300, jumla ya pande zote mbili saa za kilele isizidi 300, maana siku ya hitilafu upande mmoja unaweza kubeba vyote. Wateja wakiongezwa bila hesabu hii kurudiwa, pete inabaki pete ya kwenye mchoro.

Hatari kubwa zaidi inakuja baada ya kebo mbovu kutengenezwa. Ondoa ardhi ncha zote mbili, unganisha 2, na pale 3 swichi itakuwa na umeme pande zote mbili. Kabla ya kuiunganisha, pima volti kati ya kila fezi (moja ya nyaya tatu za umeme) na mwenzake ng'ambo ya swichi: iwe karibu na sifuri kwa zote tatu. Kupima mzunguko wa fezi pekee, yaani zinavyofuatana, hakutoshi hata kidogo. Fezi zote tatu zikihama nafasi moja, mota zitazunguka upande ule ule, lakini kuunganisha hapo ni shoti ya fezi kwa fezi.

Vipimo vikikubali, na kituo kikiruhusu pande mbili kuungana kwa muda, unganisha 3, kisha kata 4 irudi wazi.