Imetoka wapi? Siku moja maishani mwangu kama mkaguzi wa halali, Mombasa

Saa 10:30 alfajiri. Huamka kabla ya adhana, kwa kuwa machinjio hayamngoji mtu. Mimi ni mkaguzi wa kiufundi katika taasisi inayotoa vyeti vya halali. Nilisomea kemia ya chakula, na kila niendako kukagua hufuatana na mkaguzi wa sheria, mzee ambaye sote tunamwita Maalim. Yeye anazijua hukumu, mimi nazijua malighafi, na hakuna kati yetu anayeweza kutia saini ripoti bila ya mwenzake.

Saa 11:45. Tumekwisha kuswali na tumefika machinjioni. Maalim anasimama karibu na mchinjaji na kusikiliza kama Bismillahi inatamkwa kwa kila mnyama, si mara moja kwa kundi zima. Anatazama kama kisu kimekata koo la pumzi, umio na mishipa miwili ya shingo, na kama wachunaji wanangoja mnyama atulie kabisa. Mimi ninaangalia kama visu vinanolewa mbali na macho ya wanyama na kama ng'ombe aliye kwenye foleni hamwoni mwenzake akichinjwa. Leo kijana mmoja ameanza kukata mguu wa ng'ombe aliyekuwa bado anarusha miguu. Maalim anamshika mkono na kumwambia, "Mwanangu, iache roho itoke kwanza." Tunaandika kasoro hiyo, msimamizi anatia saini, nasi tunaondoka. Kazi ya machinjioni ni nzito, lakini haramu yake huonekana kwa macho.

Saa 3:00 asubuhi. Tuko Changamwe, katika kiwanda cha losheni na sabuni. Watu huniuliza losheni ina uhusiano gani na halali wakati hailiwi. Ninawajibu kwamba sala haisihi mpaka mwili na nguo viwe tohara, na kwamba mama anayejipaka mikononi ndiye anayemlisha mtoto kwa mikono hiyohiyo. Wanunuzi wa nje pia wameanza kuuliza: sheria ya halali ya Indonesia ya mwaka 2014 inagusa vipodozi pamoja na chakula, na nchi za Kiislamu zina kiwango maalumu cha vipodozi, OIC/SMIIC 4.

Ukaguzi wetu huanzia kwenye orodha ya malighafi. Maji, manukato na rangi vina maswali yake, lakini vinavyonikosesha usingizi ni vile vyenye asili ya mafuta: glisirini, asidi ya steariki, na jamaa zake wanaofanya maji na mafuta vishikane. Asidi ya steariki ni chembe nyeupe kama nta iliyoparwa, nayo ndiyo inayoipa losheni uzito wake. Inaweza kutoka kwenye mawese, inaweza kutoka kwenye shahamu ya ng'ombe, na inaweza kutoka kwa nguruwe.

Katika faili la kiwanda hiki asidi hiyo imeandikwa kuwa ni ya mawese, pamoja na jina la mtengenezaji na cheti chake cha halali ambacho muda wake haujaisha. Ghalani, kwenye safu ya tatu, ninakuta mifuko 14 ya chembe zilezile yenye chapa nyingine kabisa. Kijana wa idara ya ubora ananieleza bila kuficha kwamba bei ya mtengenezaji wa kwanza ilipanda, kwa hiyo idara ya ununuzi ikanunua kwa mfanyabiashara mwingine wa hapa mjini. "Dada, ni kitu kilekile," ananiambia. "Tumekipima maabara, hakuna tofauti."

Anasema kweli, na hapo ndipo penye taabu. Mafuta yanapopasuliwa kwa joto kali na mgandamizo wa mvuke ili kutoa asidi hii, chembe za DNA ambazo zingetuambia mnyama alikuwa yupi huharibika. Kinachobaki ni molekuli ambayo haina kumbukumbu ya mchikichi wala ya mnyama. Nyama ya kusaga yenye shaka ninaweza kuipeleka maabara nikaletewa jibu, lakini asidi ya steariki iliyosafishwa haina shahidi ila karatasi zinazofuatana kutoka mkono hadi mkono. Karatasi moja ikikosekana katikati, hakuna mashine ya kuijaza nafasi yake. Kwa sababu hiyo ninaamini kwamba mnunuzi wa kiwanda ana dhamana kubwa kuliko mkemia wake, ingawa ni nadra kiwanda kumpa mafunzo yoyote ya halali.

Meneja anakuja na hoja ambayo si ya kupuuzwa. Amesikia kwamba wako wanazuoni wanaosema najisi ikigeuka kuwa kitu kingine huwa tohara, na sabuni ndiyo mfano wao. Maalim anamjibu kwa upole kwamba ni kweli, Mahanafi na Mamaliki wameupanua mlango huo, lakini sisi wa pwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo yameubana kwenye mambo machache kama divai iliyogeuka siki yenyewe na ngozi iliyodibaghiwa, yaani iliyosafishwa na kulainishwa kwa dawa. Kisha anaongeza, "Na hapa, Bwana Meneja, bado hatujui tunazungumzia kitu gani."

Mifuko yote 14 inatengwa na kufungiwa utepe. Tunafungua daftari la uzalishaji na kukuta kwamba mingine ya shehena hiyo imekwisha kutumika katika matoleo matatu, yaani mafungu matatu ya losheni, ambayo kwa bahati njema hayajatoka ghalani. Nayo yanazuiliwa. Ikithibitika kuwa ni nguruwe, matangi ya kuchanganyia na mabomba yake yataoshwa mara 7, moja kati yake kwa maji yaliyochanganywa na udongo, sisi tukiwa tumesimama hapo.

Saa 6:45. Sala ya adhuhuri, kisha wali na maharagwe.

Saa 8:00 mchana. Tunapita kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Unga, hamira na mafuta viko sawa, ila brashi ya kupaka mafuta kwenye mikebe ina nywele za rangi ya kahawia zilizochongoka ncha. Ninachomoa unywele mmoja na kuuchoma kwa kiberiti. Nailoni huyeyuka na kuacha kitone kigumu, lakini huu unanuka nywele zilizoungua na kuwa majivu. Brashi za namna hii mara nyingi hutengenezwa kwa manyoya ya nguruwe. Mwenye kiwanda, mama mtu mzima mcha Mungu, anabadilika uso. Hakukusudia, na tunamwambia hivyo. Anatuma mtu dukani papo hapo kununua brashi za silikoni, na tunamwelekeza namna ya kuitoharisha mikebe.

Saa 10:30 jioni. Ofisini ninaandika ripoti ya losheni. Mfanyabiashara aliyeuza ile mifuko ameleta cheti cha uchambuzi chenye kiwango cha kuyeyuka, rangi na usafi, vyote vizuri, bila neno hata moja kuhusu asili. Ninamwandikia kumwomba jina la mtengenezaji na tamko la malighafi. Anajibu kwamba yeye pia alinunua kwa mwingine, na kwamba atamuuliza. Kwenye nafasi ya hukumu ninaandika "haijathibitika", Maalim anasoma ukurasa mzima, kisha anatia saini chini ya yangu.

Saa 12:15. Kijana wa idara ya ubora ananitumia ujumbe: wana oda ya kesho, je, wanaweza kutoa losheni iliyotengenezwa kabla ya mifuko ile kuingia? Ninamwomba picha ya kurasa za daftari na tarehe ya kupokea mzigo. Zinafika baada ya dakika chache, ninazilinganisha mstari kwa mstari, na ninamwandikia namba za matoleo mawili anayoweza kuyapakia.