Jinsi paka wangu alivyochangia damu hapa Moshi

Paka wangu dume, Bosi, amewahi kuchangia damu, ingawa kazi kubwa haikuwa kuitoa damu hiyo bali kumpata paka anayefaa kuitoa. Jirani yangu wa Pasua, mama mtu mzima, alikuwa na paka jike mdogo aliyenyonywa na viroboto hadi fizi zikawa nyeupe. Daktari wa mifugo alipompima, chembechembe nyekundu zilikuwa asilimia 11 tu ya damu yake, ilhali paka mwenye afya huwa na kati ya 30 na 45. Dawa ya viroboto peke yake isingemwahi; alihitaji kuongezewa damu.

Mji wetu una kituo cha kanda cha Damu Salama, lakini hicho ni cha wanadamu. Kwa paka, daktari hakuwa na akiba yoyote. Jirani aliwaleta paka wake wengine, nao wakakataliwa papo hapo, kwa kuwa viroboto hudhaniwa kusambaza vimelea vinavyoharibu chembechembe nyekundu, na paka wa nyumba hiyo hiyo huenda wakawa navyo bila kuonyesha dalili. Ndipo aliponijia. “Mwanangu, yule dume wako si hatoki nje?” Nikamwambia, “Hatoki, mama, na chanjo zote anazo.”

Bosi alikuwa na miaka 4 na kilo 5 zisizo za kitambi, nasi tukadhani hayo yanatosha. Daktari alimpima kwanza virusi vya leukemia (saratani ya damu) ya paka na vile vinavyodhoofisha kinga ya paka, akamsikiliza moyo kwa muda mrefu, kisha akahakikisha kwamba damu yake mwenyewe ni ya kutosha.

Jambo lililonishangaza ni makundi ya damu. Paka wana makundi A, B na AB, na wengi ni wa A. Mbwa anayeongezewa damu kwa mara ya kwanza kwa kawaida huipokea bila tatizo kubwa, lakini paka wa kundi B hujitengenezea kingamwili kali dhidi ya kundi A hata kama hajawahi kuongezewa damu, hivyo mililita chache tu za damu isiyomfaa zinaweza kumwua. Bosi na mgonjwa wote walikuwa wa A. Hata hivyo daktari alichanganya tone la majimaji ya damu ya mgonjwa na chembechembe za Bosi kwenye kioo, akatazama kama zitagandana. Hazikugandana.

Bosi alipewa dawa ya kumtuliza, akanyolewa shingoni, na mililita 50 zikavutwa polepole kwa mabomba ya sindano yenye dawa ya kuzuia damu isigande. Mtu mzima hutoa takriban 450, lakini kwa mwili wa kilo 5 hizo 50 si haba, ndiyo maana aliwekewa dripu baadaye. Nilikubali kwa niaba yake, na bado naona mwenye paka ana haki ya kukataa bila kulaumiwa, kwa kuwa anayechomwa sindano hakuulizwa.

Mgonjwa alianza kwa matone machache, huku joto na mapigo ya moyo vikipimwa mara kwa mara, kisha kasi ikaongezwa ili damu yote iishe ndani ya muda usiozidi saa 4. Kesho yake kipimo kilisoma asilimia 20, akala dagaa. Gharama za vipimo vya Bosi alizibeba jirani, jambo ninaloliona la haki, na tumekubaliana na daktari kwamba Bosi asiitwe tena kabla ya miezi 3.