Gari la turbo kwenye mbio za kasi ya juu
Wapenzi wa turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), kabla ya kuongeza nguvu angalieni tairi. Herufi Y ubavuni mwisho wake ni km 300 kwa saa. Ukitaka kuvuka hapo, tafuta yenye Y ndani ya mabano. Pima upepo tairi zikiwa baridi. Valvu ziwe za chuma, za mpira hupinda kwa kasi ya mzunguko na kuvujisha.

Nguvu ya kuikata hewa hupanda kwa kipeo cha 3 cha kasi: kutoka km 300 hadi 330 kwa saa unahitaji nguvu takriban theluthi moja zaidi. Ndipo watu wanapopandisha presha ya turbo, na ndipo injini zinapokufa. Kukanyaga mafuta kwa muda mrefu hivi si sawa na mbio fupi za robo maili! Intakula (kipoza hewa ya turbo) inajaa joto, hewa inaingia ya moto, injini inagonga (mafuta yanalipuka ovyo ndani yake), kingo za pistoni zinayeyuka. Shusha presha ya turbo kidogo, chelewesha taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche), funga plagi za baridi zaidi, yaani zinazopoteza joto haraka, kwa daraja moja. Pampu ya petroli ikizidiwa kwenye gia ya mwisho, mchanganyiko unakosa petroli ghafla, kwa hiyo soma data ya injini kila baada ya mbio.

Ukimaliza usizime papo hapo. Iache injini iungurume bila kukanyaga mafuta dakika 2 hivi, oili isiungulie kwenye beringi za turbo.