Anapotazama karatasi ya jirani

Siku ya kurudisha karatasi za jaribio la fizikia katika S2, yaani kidato cha pili hapa Uganda, watazame wanafunzi machoni. Mmoja anafuata kila alama ya wino mwekundu. Mwingine anachungulia karatasi ya jirani. Wa tatu anaikunja yake mara nne na kuisukuma chini ya kitabu. Huenda wote wamepata 11 kati ya 20. Wa kwanza anataka kuelewa, wa pili anataka kuwashinda wenzake, wa tatu anataka tu asionekane mjinga.

Mwaka 2001 wanasaikolojia Andrew Elliot na Holly McGregor walichora ramani ya malengo haya: kuna umahiri na kuna kujilinganisha, na kila moja linaweza kuwa la kusogelea mafanikio au la kukimbia kushindwa. Tabia humwelekeza mtoto upande fulani. Mdadisi huvutwa na umahiri. Mchangamfu husogelea, hata mashindano. Mwenye wasiwasi mwingi hukimbia. Halafu kuna nidhamu ya kazi, yaani kupanga na kumaliza ulichoanza. Mtafiti Arthur Poropat alipokusanya tafiti nyingi mwaka 2009, aliona tabia hii inahusiana na alama karibu sawa na akili yenyewe. Kwa hiyo naomba tusiharakishe kumwita mtoto mzito.

Ila nidhamu nayo ina mtego wake. Yuko mwanafunzi anayenakili daftari lote upya kwa kalamu za rangi nne, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula, na hajajipima hata kwa swali moja. Mpe kanuni: kila ukurasa unaoandika, funga daftari, jibu maswali matatu bila kuchungulia.

Mwenye wasiwasi ndiye anayenihuzunisha zaidi, kwa sababu shule zetu zinamchokoza kila muhula. Ripoti inamwambia ni wa 47 kati ya 82 bila kumwambia amekwama wapi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, umetenga asilimia 20 ya alama za UCE, cheti cha taifa cha mwisho wa S4, kwa kazi za darasani, na hiyo ni nafasi nzuri. Lakini ukizisoma alama za mradi kwa sauti mbele ya darasa, umerudisha mashindano yaleyale.

Jaribuni hivi, walimu wenzangu. Rudisha karatasi ikiwa na maelezo tu. Alama zibaki kwenye kitabu chako hadi kipindi kinachofuata. Mtafiti Ruth Butler alionyesha mwaka 1988 kwamba maelezo peke yake yalikuza hamu ya kujifunza, lakini yakiambatana na alama faida hiyo ilipotea, maana jicho la mtoto hukimbilia namba. Na “Jitahidi” si maelezo. “Umesahau kugeuza gramu kuwa kilo” ndiyo maelezo.

Darasa la watu 80 huwezi kuliandikia sentensi kila mmoja. Tumia herufi pembeni mwa jibu: M, hajaelewa mada, H, amekosea hesabu, S, hakusoma swali vizuri. Kisha toa dakika 15 za daftari la makosa lenye safu tatu: swali, kwa nini nilikosea, njia sahihi. Linapoharibika, mara nyingi ni safu ya katikati. Mtoto anaiacha tupu na kunakili jibu kutoka ubaoni, kisha wiki mbili baadaye anarudia kosa lilelile. Kagua safu hiyo kwanza.

Nyumbani, “nitasoma kwa bidii” haimsaidii yeyote. Mzazi amsaidie kuandika: “Ikifika saa moja usiku, nitakaa mezani nifanye maswali matano ya hesabu.” Wakati, mahali, idadi.

Kwa yule aliyekunja karatasi, usimwite ubaoni ghafla. Uliza swali, wape wote dakika mbili waandike jibu, pita kati ya madawati, na ukiona lake ni sahihi mnong'oneze kwamba utamwomba alisome.