Leo muhuri haukutoka kwenye droo

Saa 12 asubuhi. Chai, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga, kisha pikipiki. Njiani napishana na mgambo na kipaza sauti chake: "Mkutano mkuu leo saa nane, chini ya mwembe!" Mimi ni mtendaji wa kijiji huku Uyui, Tabora, mwaka wa sita sasa.

Saa 3. Ofisini nimeshatanguliwa na mwekezaji anayetaka ekari 100 za msitu wetu, huko kwenye mininga na mizinga ya nyuki. Amekuja na muhtasari wa mkutano umeshachapwa. Wananchi "wameridhia kwa kauli moja", akidi imetimia, tarehe tu ndiyo imeachwa wazi.

"Dada mtendaji, umebaki muhuri tu."

Namwambia aje saa nane kama wenzake. Muhuri naufungia kwenye droo, ufunguo naufunga kwenye pindo la khanga.

Saa 5. Mbuzi waliokula mtama wa jirani. Debe moja, yameisha.

Saa nane ya kwetu ni saa tisa na nusu. Mwenyekiti anaeleza kwamba halmashauri ya kijiji imelijadili ombi na inapendekeza likubaliwe. Mama mmoja mfuga nyuki anasimama: "Mwenyekiti, mnapendekeza au mmeshauza?"

Kelele. Nasoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999: halmashauri haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie. Na mkutano mkuu ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, hata yule wa bodaboda anayechezea simu pale nyuma.

Mzee ambaye babu yake alikuwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chini ya mtemi (chifu), anatikisa kichwa. "Zamani neno likitoka ikulu kwa mtemi, limekwisha." Namheshimu, lakini utemi ulifutwa 1963, na sijasikia mtemi aliyewasomea watu mapato na matumizi. (Ila pia hakuna aliyethubutu kumpelekea muhtasari uliochapwa.)

Vijana wa tumbaku wanataka ardhi itolewe: mabani ya kukaushia tumbaku yanakula kuni, zahanati haina bati, hela ya mgeni iko mezani. Hoja yao si ya kubeza. Wafuga nyuki wanauliza mwakani mizinga itatundikwa wapi.

Nahesabu mikono mara mbili, maana mara ya kwanza watoto nao walinyoosha. Ombi limekataliwa.

Saa 1 usiku, naandika muhtasari kwa kalamu. Mwekezaji aliondoka kabla ya kura, karatasi zake akaziacha. Upande wa nyuma ni mweupe kabisa. Rasimu nimeiandikia humo.