Bwawa la chumvi nyuma ya kinu cha mawese

Kila anayepita hapa anauliza hilo bwawa ni la samaki au? Jamani samaki akishuka chini kule anaiva. Hilo ni bwawa la jua, la kutoa maji ya moto, na siri yake yote ni chumvi, kitu ambacho Kigoma tunacho maana Uvinza ni hapo tu.

Iko hivi, maji ya kawaida yakipata joto chini yanapanda, yakifika juu yanapoa, basi umepoteza. Ila ukiyapanga chini yawe na chumvi kali kabisa, katikati chumvi ipungue kidogo kidogo, juu yasiwe nayo, yale ya chini yanakuwa mazito na hata yakipata moto hayapandi, tabaka la katikati linayafunika kama blanketi. Mkemia mmoja, Kalecsinsky, aliliandika hili mwaka 1902 baada ya kupima ziwa Medve kule Transylvania. Na Bhuj, India, walijenga la mita za mraba 6,000 likawa linapeleka maji ya moto kiwanda cha maziwa.

Langu dogo tu. Shimo, pumba za mpunga chini na pembeni (bwawa dogo linavujisha sana joto kwenye kuta), turubai zito jeusi, chumvi iliyoyeyushwa hadi yai linaelea lenyewe. Maji yasiyo na chumvi yanaingia mwisho, taratibu mno, ukiharakisha matabaka yanachanganyika.

Kulijenga sio kazi, kazi ni kulilinda. Chumvi inapanda yenyewe pole pole, kwahiyo unaongeza chini na unasafisha juu, halafu upepo wa ziwa ukileta mawimbi unakula lile tabaka la katikati ndo maana nimeweka neti juu, majani unaokota kila siku, mwani ukiota jua halifiki chini tena. Masika maji yanayozidi yatokee pembeni juu.

Joto nalitoa kwa bomba la plastiki lililozungushwa chini, la chuma litaliwa na chumvi. Maji hayatoki yakichemka, tusidanganyane, chikichi bado zinahitaji kuni, ila sufuria inaanza na maji ambayo huwezi kutia mkono na hapo mzigo wa kuni unapungua kweli.

Ukitaka lako kaa mbali na kisima na shamba la mihogo, turubai likitoboka hiyo ardhi umeiua. Na weka uzio, juu panaonekana pa kuogelea, watoto hawajui chini kukoje.