Nimerudi kuibandua simenti niliyoituma

Mwaka 2012 nilituma pesa nyumbani kutoka Leicester ili vyumba viwili vya kulala vya nyumba yetu ya Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, vipigwe lipu upya. Nilikuwa na miaka 6 ugenini, nafanya kazi ya usiku ghalani, na ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kujiona mtoto wa kutegemewa. Chokaa kuukuu ilikuwa ikidondoka kitandani, mama akilalamika vumbi. Fundi tuliyempata akasema dawa ni simenti: chokaa yote ikwanguliwe, ipigwe simenti nzito, juu yake rangi ya mafuta. Nikaletewa picha. Ukuta uling'aa kama sahani. Nilimwonyesha kila niliyefanya naye kazi.

Nimerudi 2023. Mama hakuwa akilala chumbani mwake. Kitanda chake cha besera, alichotunzwa siku ya harusi, kilikuwa kimefunguliwa vipande na kuegemezwa ukumbini, na yeye analala kwenye godoro chini ya dirisha la sebuleni. Nilipomuuliza akasema, "Kule kuna baridi, mwanangu, na kifua changu wakijua." Tangu lini? "Siku nyingi." Nami nilimpigia simu kila Ijumaa miaka yote hiyo, na kila Ijumaa jawabu lilikuwa hilo hilo: sote wazima, alhamdulillahi, nyumba nzuri, Mungu akuzidishie.

Nikafungua chumba. Harufu ilikuwa ya nguo zilizokunjwa mbichi. Rangi imevimba malengelenge mpaka usawa wa bega, ukibonyeza moja linapasuka na chumvi nyeupe inamwagika miguuni. Juu, upande wa ukuta wa nje, ncha za boriti tatu zilikuwa zimelainika hata kidole kinazama.

Sikushangaa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Baada ya ghala nilipata kazi kwa watu wanaokarabati nyumba za zamani za Uingereza, zile za matofali zilizopangana safu moja mtaa mzima, zilizojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kuta zake ni nzima, hazina uwazi katikati kama za siku hizi, na matofali yameshikwa kwa chokaa. Siku moja ya 2018 nilipewa patasi nitoe simenti ambayo mtu aliijaza kwenye viungo miaka ya nyuma. Msimamizi akanionyesha jinsi matofali yanavyomenyeka uso: unyevu uliokuwa ukitoka kwenye viungo laini vya chokaa umezibiwa njia, sasa unatokea kwenye tofali lenyewe na kulivunja. Mkono ulinisita. Chumba cha mama kilinijia mbele ya macho. Usiku ule nilipiga simu nikauliza kuta zikoje. "Nzuri." Nikajiruhusu kuamini, kwa miaka 5.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, jumba la Sultani Barghash lililosimama tangu 1883, na watu wawili wakapoteza maisha. Sizungumzii sababu zake, hiyo ni kazi ya wahandisi. Ila ile video ya vumbi likipanda Forodhani niliitazama kazini nikiwa nimesimama, na tangu hapo sikuweza tena kujiambia kwamba nyumba zetu zimekaa zamani basi zitakaa tu.

Sasa nieleze, maana najua wengi mlioko nje mnatuma pesa kama nilivyotuma mimi. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Ukuta wetu una unene wa sentimita 55. Chini hakuna kitu kinachozuia maji ya ardhini, kwa hiyo ukuta unayanywa, pamoja na chumvi, kila siku ya Mungu. Waliojenga walilijua hilo. Chokaa inayaachia maji yatoke taratibu, upepo unayachukua, na lipu ikichakaa unaipiga nyingine. Lipu ndiyo inayoliwa ili jiwe libaki. Ukiziba kwa simenti na rangi ya mafuta, maji hukwama ndani na kupanda. Na mvua inayopenya kutoka juu, mathalani mlizamu wa jirani, mfereji wa maji ya paa, unaomwagia ukutani masika nzima, inakwama nyuma ya simenti pale pale ncha za boriti zilipolala.

Nilisubiri masika yaishe, nikaomba kibali cha matengenezo kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, nikaanza Juni. Kazi ya kubandua niliifanya mwenyewe, kwa nyundo na patasi, siku 11. Wapwa zangu walitaka kuleta mashine ya kutoboa, nikakataa: mtikisiko unalegeza mawe yaliyoshikwa kwa udongo. Simenti ilikuwa na unene wa sentimita 3, na kila ilipong'oka ilitoka na uso wa jiwe. Mahali pengine nilikuta mashimo ya kuingia ngumi. Nilibeba makarai ya kifusi mpaka mlangoni kwa sababu uchochoro wetu haupitishi hata mkokoteni. Na kila karai nilijua lilinunuliwa kwa saa ngapi za usiku.

Kisha ukuta ukakaa uchi wiki 6. Watu walidhani pesa zimeniishia. Jirani alimfuata mama kumpa pole. Lakini jiwe lililolowa miaka 11 huwezi kulivika nguo mpya siku ya pili yake. Kila asubuhi chumvi ilichanua ukutani kama unga, naisugua kwa brashi kavu na kuizoa. Msiioshe kwa maji, mtairudisha ndani.

Wakati huo chokaa ilikuwa inaiva. Niliinunua shamba, ya mawe yaliyochomwa tanurini, nikaizima kwa maji kwenye pipa la chuma, na mwenye kuifanya kazi hii avae miwani na glavu, kwa sababu inachemka na kuruka na ikiingia jichoni inapofua. Ikishatulia inafunikwa kwa maji na kuachwa. Yangu nilianza kuizima mwezi wa nne, kabla hata ya kibali, ili ifikie miezi 4 inapoguswa. Ilitoka laini kama samli ya baridi.

Kipimo ni sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na mchanga usiwe wa pwani, utakuwa umeirudisha chumvi kwa mkono wako mwenyewe. Nilidhani naijua kazi. Kuna mzee mmoja fundi mwashi pale mtaani, mikono yake imejaa makovu ya chokaa. Alikuja kutazama, nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akapitisha mkono kwenye lipu yangu ya kwanza na kusema, "Umeipiga nene, baba. Hii itapasuka." Ikapasuka siku ya tatu. Leicester jua si hili. Akanionyesha kupiga tabaka la sentimita moja tu, kuufunika ukuta kwa magunia mabichi, kuyanyunyizia asubuhi na alasiri, na kungoja mpaka ukucha uweze kuchora lakini dole gumba lisiweze kuibonyeza. Hapo ndipo tabaka la pili. Lipu ya chokaa inakuwa ngumu kwa kuvuta hewa, si kwa kukauka, na ikikaushwa na jua kabla ya hapo inabaki vumbi.

Boriti sikuthubutu peke yangu, na nakuombeni nanyi msithubutu. Mzee yule na vijana wake wawili walitegemeza dari kwa mirunda, wakapenyeza boriti nyingine tatu kando ya zile zilizooza, kuukuu lakini nzima, zilizotoka kwenye nyumba iliyobomolewa. Upana wa vyumba vyetu vyote, chini ya mita 3, ni urefu wa mti wa mkoko, ndio unaotoa boriti zenyewe. Mtoto niliambiwa vyumba ni vyembamba kwa sababu babu alikuwa na uwezo mdogo. Kumbe hata vyumba vya matajiri wa mji huu vilikatwa kwa kipimo cha mti ule ule.

Chumba cha pili kilikuwa rahisi, hakigusi ukuta wa nje, nilikimaliza kwa mwezi na nusu. Nyaya za umeme zilizofukiwa kwenye simenti nimezitoa, sasa zinapita kwenye mabomba juu ya ukuta. Hazipendezi, lakini zikiharibika hakuna atakayechimba. Rangi ni chokaa ya maji yenye kidonge cha bluu ya kufulia ili weupe usiwe wa manjano, mikono minne.

Kitanda tulikiunga Novemba. Skurubu mbili zilipotea, mama akazitoa kwenye mkoba wake zikiwa zimefungwa kitambaani. Alikuwa akizitunza muda wote. Nilitaka kitanda kikae ukuta wa ndani, mbali na unyevu. Akakataa. Kimekaa kilipokuwa siku zote, ukuta wa nje, chini ya dirisha, asikie adhana ya alfajiri bila kuinuka.

Masika ya 2024 ukuta ule uliingia weusi mpaka usawa wa goti, nikakosa usingizi. Mwezi wa saba ulikuwa umerudi mweupe, na chumvi kidogo tu sakafuni. Nimenunua brashi mpya. Kila Ijumaa, saa nilizokuwa nikipiga simu, naisugua.